Mpima Asali na Mji Ulioelea

Siku hizi watu wa Tabora wakimtaja Mpima husema alikuwa mama mpole, mcha Mungu, asiye na makuu. Niliyasikia hayo kwa masikio yangu msibani, yakisemwa na mtu ambaye alikuwa akivuka barabara kila amwonapo, nami nikainamisha kichwa kwa sababu msibani si mahali pa kubishana. Sasa tumetoka msibani. Mpima hakuwa mpole. Alikuwa mbishi, mwenye sauti ya kukatiza mazungumzo ya chumba kizima, na makuu alikuwa nayo tele: alitaka kuandika hadithi ndefu kuliko zote alizowahi kuziona kwa Kiswahili, akaiandika, na alipoambiwa abadilishe mwisho wake ili ichapwe, alikataa. Wanaomwita mpole wanamnyang'anya kile alichokilinda kuliko kitu kingine chochote.

Alizaliwa wapi, kwa nani, na ukoo wao ulitoka upande gani, waulizeni ndugu zake. Hayo ndiyo wanayoyapenda. Mimi nilimjua kazini. Nilikuwa karani kijana, Mzaramo wa Kisarawe, niliyeletwa Tabora na treni katika miaka ya mwanzo ya uhuru kufanya kazi kwenye ghala la ushirika wa asali, hatua chache kutoka stesheni. Asubuhi ya kwanza nilimkuta amesimama kando ya mizani, kitenge kimefungwa kiunoni kwa nguvu, mikono imelowa asali hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetokea wapi?"

"Kisarawe."

"Mzaramo?" Akawageukia warina asali waliokuwa kwenye foleni na madebe yao. "Jamani, fungeni madebe! Tumeletewa mwizi wa nazi."

Ghala zima likaangua kicheko. Asiyeujua utani wetu angedhani nimetukanwa. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wakati babu zao walipokuwa wakiteremka na mizigo kichwani hadi kwetu pwani, wakifika hoi, nasi tukiwapokea kwa vicheko na kuwauzia nazi kwa bei ya kukomoa. Mtani hukwambia usoni kile ambacho ndugu zako husema ukishatoka chumbani. Anaweza kukuvua kofia akaenda nayo. Ukifiwa, yeye ndiye anayefanya vituko mpaka mnasahau kulia. Na kukasirika ni marufuku. Ukikasirika, kosa ni lako. Basi nikamjibu kwamba nilikuwa nimeambiwa Tabora kuna watu, lakini kwa macho yangu naona wapagazi tu. Akanitazama kidogo, akaridhika, akanipa kipande cha sega nitafune. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina langu hata mara moja.

Kazi ya mizani aliipata baada ya mpima aliyemtangulia kuonekana akiliinua jukwaa la mizani kwa goti ili uzito upungue, kila mrina mgeni alipofika. Meneja alimweka mwanamke kwa muda, huku akitafuta mtu anayefaa. Muda huo ulidumu mpaka mameneja wanne wakapita. Alikuwa na desturi ya kumvuta kila mrina kwa mkono mpaka usoni pa mizani na kumwambia, "Soma." Asiyejua kusoma alifundishwa tarakimu palepale, na foleni ingoje. Watu walilalamika, wengine wametoka Kaliua na treni ya alfajiri na wana hamu ya kurudi. Yeye aliwaambia waende wakalalamike kwa nyuki.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Kwaya ya kanisa la Moravian ilimtegemea kwenye sauti ya pili, na mganga mmoja aliyejaribu kuuza hirizi mlangoni pa ghala alitimuliwa kwa ufagio. Lakini kitabu chake kilijaa maajabu kurasa zote. Mchungaji alimwita akamuuliza habari hiyo. "Mchungaji," alimjibu, "kitabuni kwangu hamna uchawi. Mna uzito tu, na uzito kauumba Mungu." Kwenye mizani hakukubali mzaha, ila umri wake aliudanganya kwa kila aliyeuliza, na kila mmoja alipewa umri tofauti. Alikuwa mchoyo wa matobolwa. Vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa alivitafuna peke yake nyuma ya mapipa, na ukimfuma alifunga mfuko. Na mchoyo huyohuyo nilimwona siku moja akivua viatu vyake akampa mke wa mrina aliyekuwa akipelekwa hospitali, kisha akaenda kwake Itetemia miguu mitupu, njia nzima analaani watu wanaosafiri pekupeku.

Sasa kitabu chenyewe. Alikiandika wakati wa masika, asali inapokuwa haba na ghala kimya, kwenye madaftari makubwa yenye jalada gumu. Kilisimulia nchi moja iliyo chini ya mji wa mawe, na mji huo unaelea angani. Jina lake Mwinuko. Wakazi wa Mwinuko ni watu safi, wana chemchemi na bustani, na mtawala wao ni Mtemi wa Mawe. Mji unaelea kwa sababu Mtemi aliutoa uzito kwenye mawe yake akauweka ndani ya watu walio chini. Basi kila anayevuta pumzi kwenye kivuli cha mji anazaliwa amechoka. Watu huamka asubuhi migongo inauma, wanasema labda ni baridi, labda ni kitanda.

Elimu ya uzito ilikuwa na kanuni zake, na Mpima alizishika kwa ukali kuliko kanuni za ushirika. Uzito haufi, ukitoka kwenye kitu, sharti uingie kwa mtu. Si mawe tu yenye uzito. Woga una uzito, nao hukaa magotini. Msiba hukaa nyuma ya shingo. Uongo hukaa kwenye ulimi. Na hakuna mtu awezaye kujitua mwenyewe. Hata mpagazi wa zamani alihitaji mwenzake amtwike asubuhi na amtue jioni. Anayeweza kukutua ni mtani wako peke yake, na anakutua kwa tusi. Tusi sharti liwe la kweli. Akikutukana kwa uongo, uzito wako unamrukia yeye. Likiwa la kweli, nawe ukalicheka, uzito unakutoka na kurudi ulikotoka. Ukikasirika, unabaki nao maradufu.

Mtemi wa Mawe aliijua sana kanuni hiyo. Kwa hiyo hakuweka jeshi. Alipiga marufuku utani, akaamuru adabu. Katika nchi ile kila mtu alimsifu kila mtu, asubuhi na jioni, na hapakuwa na nchi yenye adabu kama hiyo wala iliyochoka kama hiyo.

Nilipousikia mpango huo mara ya kwanza, tumeketi juu ya madebe matupu, mvua inapiga bati, nilicheka mpaka nikashikilia mbavu. Kisha nikaacha kucheka. Nilimuuliza ameyatoa wapi. Akasema amesimama kwenye mizani miaka mingi akiwatazama watu, na amegundua kwamba mtu akishatua debe bado anatembea kama aliyelibeba.

Shujaa wake alikuwa msichana aitwaye Kalunde, kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, yule ambaye zamani hakuna aliyeruhusiwa kumpita njiani. Kalunde anatoka magharibi kwenye ziwa na kuelekea mashariki, msafara mrefu nyuma yake, anatafuta kabila ambalo bado linajua kutukana. Anavuka mbuga za chumvi ambako vivuli vya watu vimekuwa vizito na vinawavuta visigino. Anapita mji wa wafanyabiashara wanaopima maneno ya wateja kabla ya kupima bidhaa. Mwisho anawakuta watu wa minazi, wavivu, wapenda ngoma, waliojaa masuto. Sikuhitaji kuambiwa hao ni akina nani.

Na hapo ndipo nilipoingia kazini. Matusi ya watu wa minazi yalikuwa lazima yawe ya kweli, na Mpima hakutaka kuyabuni. Alinijia mezani, mikono inanata, akasema, "Mtani, nipe la mtu mwenye kiburi cha kusali." Au, "Nipe la mwanamke anayempenda mtoto mmoja kuliko wengine." Nilifikiri siku nzima. Nikimletea jambo la hovyo alilikataa: "Hilo linaumiza tu, halina ukweli. Rudi." Nilijifunza kwake kwamba kumtukana mtu kwa kweli kunadai umtazame kwa muda mrefu, na karibu sana, mpaka uanze kumpenda. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile, na sijawahi kufurahi hivyo.

Alitaka kitabu kichapwe, na sababu yake aliisema kwa hasira. Wakati ule elimu ya watu wazima ilikuwa imepamba moto. Warina waliofundishwa tarakimu kwenye mizani sasa walikuwa wakienda darasani jioni, wanajua kusoma. "Wanasoma nini?" aliuliza. "Vijitabu vya kufuga kuku! Vya kuchimba choo! Mtu amehangaika kujua kusoma na mvi kichwani, unampa kuku? Mpe mji unaoelea." Alitaka akishike kitabu chake mkononi, kinene, chenye mgongo. Alilisema hilo mara nyingi, na kila aliposema alitanua vidole kuonyesha unene wake.

Huku akingoja, alikuwa akiwasomea. Siku za asali ya Kaliua watu walikaa juu ya madebe yao wakamsikiliza hata baada ya kupimiwa, na wengine walikuja bila asali. Meneja wa tatu, mtu wa mafaili, akabandika tangazo kwamba hadithi ni marufuku saa za kazi. Mpima akalisoma tangazo kwa sauti, akafunga daftari, akalitia kwenye mfuko wa matobolwa. Kisha akaendelea kupima, na hadithi ikaendelea vilevile kwa kichwa, kati ya debe na debe. "Kumi na nane na nusu, soma mwenyewe, na Kalunde akaweka mguu kwenye chumvi. Anayefuata! Hili lina maji, rudi nalo, na kivuli chake kikamwambia, sisogei." Meneja alisimama mlangoni asione kosa la kumwandikia, maana kupima kulikuwa kunafanyika. Nilimwona akibaki pale mpaka Kalunde akavuka.

Hadithi ikapanda treni. Ikaenda Kaliua, ikachepuka na njia ya Mpanda, ikarudi ina mambo ambayo yeye hakuyaandika. Alikasirikia mengine, mengine akayaiba. Wakati wa kuhamia vijijini, upande wa Puge, mkubwa mmoja aliwasimamisha watu juani akawahutubia kwa muda mrefu juu ya uvivu wao. Mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti: "Mheshimiwa, magoti yako yanatetemeka, tukutue?" Watu wakacheka wote, wazee kwa watoto. Hotuba ikaishia hapo. Baada ya siku chache mtu akaja ghalani kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Mpima alikuwa akipangusa mizani. "Ni yangu," akasema. "Aliyasema vizuri?"

Kwa jibu hilo aliondolewa kwenye mizani akapewa kazi ya kuosha madebe. Aliyaosha. Aliinama uani na maji ya moto, akisimulia kwa sauti kubwa zaidi kwa sababu sasa ilibidi asikike kutoka nje. Lakini warina waliketi na asali yao stesheni, hawakuileta ndani. Waliulizwa shida ni nini. Walisema hawana shida, wanamngoja mama. Asali ilikaa kwenye jua, nyuki wakaifuata, abiria wakaanza kuumwa, mkuu wa stesheni akaja juu. Jioni ile Mpima alirudishwa kwenye mizani, naye akampa Meneja sharti kwamba madebe yaliyobaki aoshe mtu mwingine.

Wapo watakaosema basi alikuwa adui wa siasa ya wakati ule. Hao nao waongo. Alikuwa na kadi ya chama na aliitunza ndani ya Biblia. Shamba la ujamaa la kijijini kwao alilipenda kwa dhati; alifika kwanza, akalima mstari ulionyooka, akawasema waliolala. Aliamini kabisa kwamba watu wakilima pamoja watakula pamoja, na ilipotokea mahindi yakaharibika ghalani kwa uzembe wa mtu, alilia kwa uchungu. Alipinga kwa sababu aliamini. Waliokuwa hawaamini walikuwa kimya, na wengine wakapanda vyeo.

Mpima aliyatuma madaftari kwa wachapishaji, na Mhariri wao akaja kutoka Dar es Salaam kwa treni. Alikuwa kijana wa miwani, msomi, na naomba lieleweke kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekisoma kitabu chote, daftari baada ya daftari, na aliyajua majina ya wapagazi wa Kalunde kwa kichwa. Mpima alimkaribisha ghalani, akampa asali ya chombo safi. Mimi nilikuwa mezani kwangu, nasikia kila neno.

"Mama, sijawahi kusoma kitu kama hiki."

"Ahsante, baba."

"Kuna jambo dogo tu. Ule mwisho."

"Mwisho si jambo dogo."

Mwisho aliouandika ni huu. Watu wa minazi wanafika kwenye kivuli cha Mwinuko, wanatawanyika vijijini, wanawatukana watu mmoja mmoja, kwa kweli. Mwanzo watu wanashtuka, wamezoea adabu. Kisha mzee mmoja anacheka. Kisha mkewe. Kicheko kinapita nchi nzima, uzito unarudi kwenye mawe, na Mwinuko unaanguka, pamoja na chemchemi zake na bustani zake.

"Nchi ndiyo kwanza inajengwa, mama," Mhariri alisema. "Mji ukianguka, wakubwa watauliza ni mji gani huo."

"Waambie ni Mwinuko."

"Watauliza Mwinuko uko wapi."

"Waambie uko juu."

Mhariri akatabasamu, akavua miwani, akaifuta. "Nimefikiria hivi. Mtemi aondolewe, hilo sawa. Wananchi wachague kamati. Halafu ule uzito ugawanywe sawasawa, kila mtu kidogo kidogo, na wa juu nao wabebe. Mji ubaki, watu wote wapande kuutembelea. Si ndio ujamaa wenyewe?"

Mpima aliweka kiganja juu ya mizani. Nilimjua, alikuwa akilipima neno hilo kwa haki.

"Baba, shamba la ujamaa mimi nalilima," akasema. "Nenda kwetu uulize nani anafika na jembe kabla ya kengele. Mzigo ule naubeba kwa furaha, maana tukivuna tunakula. Sasa huu wa Mwinuko, tukiubeba tunapata nini? Tunapata mji juu ya vichwa vyetu. Dhuluma ya mtu mmoja unataka tuigawane wote, halafu tuite haki?"

"Si dhuluma tena ikiwa wote wamekubali."

"Nani kakubali? Uliwauliza?"

Walibishana mpaka filimbi ya treni ikalia. Mhariri aliondoka akiwa mwenye huzuni ya kweli, akisema mlango uko wazi, abadilishe kurasa chache tu. Mpima alimsindikiza hadi behewani kwa heshima zote. Aliporudi alikuwa amechoka kuliko siku yoyote ya kazi.

"Angekuwa Mzaramo ningemmaliza kwa maneno mawili," akaniambia. "Ile adabu yake ndiyo imenichosha."

Miaka ikapita, na mlango ukabaki wazi vilevile. Mimi mwenyewe nilimsihi mara kadhaa. Nilimwambia kurasa chache ni nini kwenye kitabu kizito namna ile, watu watasoma safari, watasoma vivuli, watasoma matusi yangu. Alinijibu kwamba Wazaramo ni watu wa kuuza nazi iliyooza upande mmoja na kuificha chini ya kikapu. Nilicheka, kwa kuwa ni kweli. Akastaafu. Ghala likapata mpima mwingine, mwenye haraka.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa nyumbani kwake Itetemia, nilipompelekea ujumbe kutoka kwa Mhariri. Mhariri alikuwa akihamishwa kazi. Karatasi zilikuwa adimu nchi nzima wakati huo, lakini yeye alikuwa amefanikiwa kuzitenga za kutosha kwa kitabu kimoja kinene, kabla mwingine hajakalia kiti chake. Alihitaji kurasa mpya za mwisho, upesi. Baada yake hakuna atakayekijali kitabu kile.

Nilimkuta kitandani, miguu imevimba, pumzi inakatika akisema maneno mengi. Mjukuu wake alikuwa amejifungua siku hizo, na kichanga kilikuwa kimelazwa ubavuni pake, kimefungwa khanga, ili mama yake apate kupika. Nilimwamkia.

"Marahaba. Umekuja kunizika?"

"Nimekuja kuona kama umebakiza matobolwa."

Nikampa ujumbe. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano njia nzima, nina hoja zangu zimepangwa. Hakubisha. Alitanua vidole vyake kidogo, ule unene, akaviangalia.

"Sawa," akasema. "Toa kalamu."

"Umekubali?"

"Nataka nikishike, mtani. Nimechoka kukishika kwa hewa. Andika kabla sijageuza nia."

Nikatoa kalamu ya risasi na karatasi. Ninakiri nilifurahi. Akafumba macho akaanza kunitajia, kwa sauti ileile ya ghalani ingawa imefifia.

"'Basi Mtemi wa Mawe akashushwa kwa kamba, mbele ya watu wote. Watu wakachagua kamati, na Kalunde akiwa mmoja wao.' Umeandika?"

"Nimeandika."

"'Kisha kamati ikakaa, ikaamua kwamba uzito wa Mwinuko ugawanywe sawasawa, kwa kila mwenye pumzi aliye chini ya kivuli...'"

Kichanga kilikuwa kimepiga chafya. Akafumbua macho, akakigeukia.

"Alisemaje yule kijana? Kila nani?"

"Kila mtu."

"Na huyu?"

"Kidogo tu, mama. Sehemu yake ndogo."

"Nani atamtua?"

Nilishusha kalamu.

"Nakuuliza wewe, fundi. Mtani wa huyu ni nani? Si wewe? Haya, mtue. Mtukane."

Nilikiangalia kile kitoto. Nilikuwa nimewatukana wenye kiburi na wenye wivu, wachoyo, mameneja, wachungaji, na yeye mwenyewe kwa miaka yote ile, na sikuwahi kukosa. Ngumi moja ilikuwa imetoka nje ya khanga, imefumbwa, hata kucha zilikuwa bado hazijakatwa. Nilitafuta. Ningeweza kusema ni mbaya wa sura, lakini haikuwa kweli. Ningeweza kusema ni mvivu, na hakuwa amekataa kazi yoyote.

"Sina," nikasema.

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi huyu atabeba mpaka afe, na wala hajui." Akapumzika ili pumzi irudi. "Futa."

Nilifuta mstari ule.

"Futa yote."

Nilifuta mpaka karatasi ikachubuka. Nilipoinua uso nilimwona analia, wazi, bila kujifuta, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia isipokuwa kwa ajili ya mahindi. "Nilikitaka sana," alisema. "Mungu anajua nilivyokitaka." Nami nililia, na hakuna kati yetu aliyemtania mwenzake kwa hilo.

Baada ya muda akajipangusa kwa pindo la khanga ya mtoto, akamvuta mtoto karibu, akaniamuru nigeuze karatasi upande safi.

"Haya, mwandikie kijana wa watu. Mshukuru kwa karatasi zake, alijitahidi. Halafu mwambie mji umeanguka."